Mombo hadi Mtae kwa Baiskeli

Kwenye ramani, kutoka Lushoto hadi Mtae ni takriban kilomita 60. Mtu aliyezoea kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo kila Jumapili huitazama namba hiyo na kutabasamu: saa tatu tu, nne kama upepo ni mbaya. Akifika Usambara, saa nne zinamkuta Lukozi, miguu inatetemeka, chupa za maji tupu, na mwenye duka anamwambia Mtae bado kabisa.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayetaka kuzunguka Usambara Magharibi kwa baiskeli ya changarawe, ile yenye usukani uliokunjwa kama ya mashindano ya lami lakini yenye tairi pana na gia nyepesi. Ukichukua neno moja tu humu, chukua hili: milimani safari haipangwi kwa kilomita. Inapangwa kwa mita za kupanda na kwa saa za mwanga. Mengine yote, kuanzia tairi hadi mahali pa kulala, hufuata hapo.

Njia ninayoipendekeza huanzia Mombo, mji mdogo kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, hupanda kupitia Soni hadi Lushoto, kisha huenda Magamba, Lukozi, Manolo na Sunga hadi Mtae, pale mlima unapokatika ghafla na nyika ya Mkomazi kutandazika chini. Kurudi ni kwa njia hiyohiyo au kwa njia za ndani kupitia Rangwi. Ipe siku nne, au zaidi ukilala njiani. Wapo wanaoikamilisha kwa siku mbili na wakarudi wakijisifu. Ila waulize waliona nini, watakutajia mgongo wa mwenzao aliyekuwa mbele.

Anza na hesabu. Mombo iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu 1,400. Hizo ni mita 1,000 za kupanda ndani ya kilomita 33, tena sehemu kubwa imebanwa kati ya Mombo na Soni. Hapo hesabu ni rahisi kwa sababu barabara inapanda tu. Taabu iko Lushoto–Mtae. Ukitazama miinuko ya ncha mbili hizo utadhani njia ni karibu tambarare, maana Mtae haiko juu sana kuliko Lushoto. Kumbe katikati unapanda msitu wa Magamba, unashuka, unapanda tena, unavuka bonde, unapanda tena. Kila mteremko unaoufurahia utaulipia upande wa pili. Kwa hiyo usitazame ncha. Tazama jumla ya kupanda, ambayo programu za ramani za waendesha baiskeli hukuonyesha ukishachora njia yako. Iongeze kidogo, kwa sababu programu hizo mara nyingi hazivioni vilima vifupifupi.

Kanuni ninayoitumia kwa mtu mwenye afya ya kawaida na mzigo wa kawaida ni hii. Gawa kilomita kwa 20 kama ni lami, au kwa 12 kama ni vumbi. Gawa mita za kupanda kwa 400. Jumlisha majibu mawili, unapata saa za kuendesha. Mombo–Lushoto inatoa saa nne na kidogo. Kwa Lushoto–Mtae, tuseme ramani yako imejumlisha mita 1,600 za kupanda: 60 kwa 12 ni saa tano, 1,600 kwa 400 ni saa nne, jumla tisa. Hapo hujala, hujaziba pancha, hujasimama kusalimiana na watu, na huko utasimama sana.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye mwanga. Jua la huku huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kuzama karibu saa 12 na nusu jioni, mwaka mzima, na giza halibembelezi. Ukiondoka Lushoto saa 1 asubuhi, saa tisa za kuendesha na mbili za kusimama zinakufikisha Mtae saa 12 jioni, ukiwa na nusu saa tu ya akiba. Hiyo ni kidogo mno. Ama uondoke kunapopambazuka, ama ulale njiani Lukozi au Rangwi, ambako masista wana nyumba ya wageni inayofahamika sana kwa wanaotembea milima hii kwa miguu. Mimi ningelala. Kuifanya siku moja kuwa mbili si udhaifu, na kuendesha kwenye ukingo wa genge gizani kwa taa ya usukani si ushujaa.

Kuhusu majira, sitaki kukuzungusha: usiende masika. Kuanzia Machi hadi Mei udongo mwekundu wa Usambara hugeuka tope linalonata kwenye tairi, likajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na hapo hakuna ufundi wa kuendesha utakaokusaidia. Utabeba baiskeli begani. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, hazina ukali huo kila mwaka, lakini zikinyesha mfululizo matokeo ni yaleyale. Januari na Februari ni kipindi kizuri chenye joto. Juni hadi Septemba ndio msimu ninaoupenda, kwa sharti kwamba unajua unakwenda kwenye baridi. Mtu wa pwani haamini mpaka aamke Magamba mwezi Julai, ukungu umefunika barabara, vidole havitaki kushika breki. Beba koti jepesi la kuzuia upepo na mvua, glavu za vidole vyote, na fulana moja kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki ambayo hutaigusa mpaka ufike.

Tuje kwenye baiskeli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo safari nyingi hufia.

Gia kwanza. Watu wengi wananunua baiskeli za changarawe zenye gia za mashindano, wakati milima inataka gia za punda. Chukua mfano: wewe, baiskeli na mzigo mna kilo 95 kwa pamoja, na mbele yako kuna mwinuko wa asilimia 10, yaani kila mita 100 unazokwenda unapanda 10. Gia yako nyepesi kabisa ikiwa na meno sawa mbele na nyuma, tuseme 40 kwa 40, kuzungusha pedeli mara 60 kwa dakika kutakupeleka karibu kilomita 8 kwa saa, na kwenye mwinuko huo wa vumbi miguu itadaiwa karibu wati 240. Mwendesha baiskeli wa kawaida hawezi kulipa deni hilo kwa saa nzima. Punguza meno ya mbele yawe 30 na nyuma ibaki 40: kwa mizunguko ileile unakwenda karibu kilomita 6 kwa saa na deni linashuka hadi wati 180 hivi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda ukiwa umekaa kitini na kukokota baiskeli kwa mguu. Kabla ya kwenda, mwambie fundi akuwekee gia nyepesi kuliko unayodhani unaihitaji. Hakuna aliyewahi kufika juu akalalamika kwamba gia zake zilikuwa nyepesi mno.

Tairi pili. Upana wa milimita 45 ni mzuri; 40 unavumilika; chini ya hapo utarushwarushwa na mawe mpaka meno yagongane. Kama fremu inakubali 50, weka 50. Tairi za tyublesi, yaani zisizo na tyubu, zenye maji ya kuzibia ndani zinafaa sana, kwa sababu matundu ya miiba na ya vipande vidogo vya mawe hujiziba yenyewe ukiwa unaendelea kuzunguka. Upepo usijaze kama wa lami. Mtu wa kilo 75 mwenye mzigo mdogo atafaidi kati ya psi 30 na 38, nyuma zaidi kidogo ya mbele. Tairi gumu kwenye kokoto huruka, na tairi linaloruka halishiki njia wala halishiki breki.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari wamekwama. Ukiwa Lukozi utamkuta fundi baiskeli mahiri chini ya mti, na ukutani kwa mwenye duka la vipuri kutaning'inia tairi zilizoandikwa 28. Utashukuru Mungu. Usishukuru bado. Tairi hizo ni za baiskeli zile kubwa nyeusi za mizigo, na rimu yake ni kubwa kuliko ya baiskeli yako: kipenyo cha kukalia tairi ni milimita 635, wakati chako ni 622. Tofauti ya milimita 13 inatosha tairi kukataa kabisa kukaa. Tyubu yake inaweza kukuokoa, kwa kuwa mpira hunyumbulika, ila valvu yake ni nene na huenda tundu la rimu yako likawa jembamba la valvu ya Kifaransa, milimita 6 tu. Kwa hiyo beba tyubu zako mbili hata kama unatumia tyublesi, beba pampu iliyojaribiwa nyumbani, vipande vya utambi wa mpira vya kuzibia tundu, na kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea ndani pale ubavu wa tairi ukichanwa na jiwe.

Vingine vya kubeba ni vichache: kiungo cha kuunganishia mnyororo, kifaa cha kukatia mnyororo, funguo za pembe sita, pedi mpya za breki, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu. Hicho cha mwisho ni chepesi na ni cha bei ya kawaida, lakini kila fremu ina cha kwake, na baiskeli ikianguka upande wa kulia ndicho hupinda au kuvunjika kwanza. Kwa Tanzania nzima huenda usikipate dukani. Kiagize mapema. Mambo ya kuchomelea, kunyoosha rimu, kukaza spoki, hayo mwachie fundi wa kijijini, anayajua kuliko wewe.

Mzigo upunguze, kisha upunguze tena. Nyumba za wageni zipo Lushoto, zipo Mtae na kijiji jirani cha Mambo, chakula kipo kila penye stendi. Huhitaji hema wala jiko. Kila kilo unayoiacha nyumbani ni kilo ambayo hutaipandisha mita elfu moja.

Mazoezi nayo yaanze miezi miwili kabla, mitatu kama hujawahi kupanda mlima. Ukiwa Arusha au Nairobi vilima unavyo mlangoni. Ukiwa Dar es Salaam, nenda Pugu na Kisarawe, panda na kushuka kilima kimoja mara nyingi hata kama watoto wa hapo watakuhesabia. Siku usizoweza kufika huko, upepo wa barabara ya Bagamoyo utafaa: endesha ukiukabili kwa saa nzima bila kuinuka kitini, kwa gia inayokufanya uzungushe pedeli taratibu. Mapafu yako hayatajua kama ni upepo au ni mlima. Mwezi mmoja kabla ya safari, nenda Morogoro mwisho wa wiki na upande kuelekea Morningside kwenye milima ya Uluguru ukiwa na mzigo wote uliopanga kubeba. Milima hiyo itakuambia ukweli wote kuhusu gia zako na kuhusu kiti chako, ungali na muda wa kurekebisha.

Siku yenyewe ikifika, lala Mombo usiku wa kuamkia safari. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, na ukijidanganya kwamba utashuka basi saa 7 mchana uanze kupanda, joto la bondeni litakumaliza kabla ya Soni. Anza kunapopambazuka. Barabara ya Mombo–Lushoto ni ya lami, nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba na upande mwingine genge. Mabasi na Fuso za mboga huteremka kwa kasi na huchukua kona yote. Kaa kushoto, lakini usijibane ukutani kiasi cha kukosa pa kukwepea. Ukisikia honi ya mbele ya kona, simama. Wimbo unaopendwa masikioni ungoje Lushoto. Humu masikio ni sehemu ya breki zako.

Soni pumzika. Kuna maporomoko ya maji karibu na barabara, kuna chai na maandazi, na toka hapo hadi Lushoto kupanda kunalainika. Wengine hukata kulia hapa kwenda Bumbuli, na hiyo nayo ni safari nzuri ya siku moja katikati ya mashamba ya chai, ukipenda kupasha miguu kabla ya Mtae.

Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal na kuupenda kwa ubaridi wake, ufike mapema. Alasiri hiyo usiipoteze kitandani. Nenda Irente, kilomita kama sita, polepole, bila mzigo, ukaitazame nyika ulikotoka asubuhi ikiwa chini ya miguu yako. Njiani kuna shamba la Irente wanakotengeneza jibini na mkate mzito mweusi. Nunua, kwa sababu kesho saa 5 asubuhi jibini lenye chumvi litakuwa na thamani kuliko chokoleti yoyote. Sokoni nunua ndizi, parachichi, na kama ni msimu, peasi na plamsi.

Kula ni sehemu ya mpango, si jambo la kukumbuka ukisikia njaa. Ukiendesha kwa bidii, mwili unaweza kutumia gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja iliyoiva ina kama 25. Soda ya chupa ya kioo ina zaidi ya 30, na hapa nawakosoa wenzangu wanaobeba poda za bei mbaya kutoka ng'ambo: soda moja na andazi moja kila baada ya saa moja, pamoja na karanga za chumvi mfukoni, hufanya kazi ileile, na vinapatikana hadi Sunga. Asubuhi kula kitu kizito, chapati na maharage au viazi. Makande ni matamu lakini yaachie jioni. Maji yawe lita mbili unapoondoka, nusu hadi robo tatu ya lita kwa kila saa. Vijito vya Usambara vinavutia, ila juu yake kuna mashamba ya mboga yanayopuliziwa dawa. Usinywe, hata ukiwa na vidonge vya kutibu maji. Vidonge huua vijidudu, haviondoi dawa ya shambani.

Toka Lushoto, lami haikufikishi mbali. Ukipita Magamba unaingia kwenye ubaridi wa msitu. Msitu wa hifadhi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ukitaka kuacha barabara ya umma na kuingia njia za ndani ya msitu, lipa kiingilio kwanza na uulize kama baiskeli zinaruhusiwa kwenye njia unayoitaka. Mbele zaidi ni miti ya kupandwa ya Shume, misonobari iliyonyooka kwa mistari, kisha ghafla mashamba: kabichi, karoti, viazi, kwenye miteremko ambayo wewe ungeogopa hata kusimama. Lukozi ndiyo bohari ya yote hayo. Uliza mapema siku ya gulio. Siku hiyo barabara hujaa Fuso, bodaboda zenye magunia na watu wenye vikapu kichwani, na mwendo wako utapungua nusu. Binafsi ningeipanga safari ipitie gulioni makusudi, ila ningeongeza saa moja kwenye hesabu.

Baada ya Lukozi simu yako itaanza kupoteza mtandao kwenye mabonde. Pakua ramani nyumbani. Na hata ukiwa na ramani, jua kwamba mstari uliochorwa kama barabara unaweza kuwa njia ya miguu yenye ngazi za udongo. Uliza watu. Lakini uliza vizuri, kwa sababu ukiuliza "Ni mbali?" utajibiwa "Hapo tu," na hapo tu ya Msambaa aliyezaliwa kwenye kilima si hapo tu yako. Maswali mazuri ni mawili. La kwanza: Fuso inapita? Kama inapita, mwinuko utakuwa wa kuvumilika na utaendesha. Kama ni bodaboda peke yake, jiandae kushuka na kukokota hapa na pale. Kama hata bodaboda haipiti, hiyo ni njia ya kubeba baiskeli, labda uwe unaitaka. Swali la pili: bodaboda anatumia dakika ngapi? Zidisha jibu mara tatu, mara nne kama ni kupanda mfululizo, upate muda wako. Sijaona programu ya simu inayoishinda njia hiyo.

Na kabla ya swali lolote, salamu. Huku haulizwi mtu njia kana kwamba ni nguzo ya barabarani. Simama, shuka kitini, mwamkie mzee, "Shikamoo," subiri "Marahaba," ulizana hali, ndipo useme shida yako. Ukijua salamu ya Kisambaa ya asubuhi, "Onga maundo," milango itafunguka zaidi. Zile kaptura za kubana za waendesha baiskeli zivae, zinalinda ngozi, lakini juu yake vaa kaptura pana inayofika magotini, mwanamume na mwanamke. Utaingia vibandani mwa watu, utakaa karibu na wazee, na si haki wao ndio waangalie pembeni.

Kila siku ya safari iwe na mlango wa kutokea, na uujue kabla hujauhitaji. Usiutegemee usafiri wa mchana kutoka Mtae: mabasi ya huko kwa kawaida huondoka usiku kabla ya alfajiri. Kama saa 7 mchana umechoka na bado uko Lukozi, hapo ndipo pa kuamua, kwa kuwa Lukozi kuna magari ya kurudi Lushoto na mbele yake ni machache. Weka saa hiyo ya uamuzi kwenye karatasi ukiwa na akili timamu. Mwili uliochoka haujui hesabu. Hospitali ya wilaya iko Lushoto. Namba ya dharura ni 112, lakini milimani msaada wa haraka zaidi ni bodaboda mwenye simu, basi weka namba za madereva wawili watatu unapopita. Mwenye nyumba ya wageni unakokwenda ajue saa unayotarajiwa.

Sasa kushuka, ambako wengi hudhani ni mapumziko. Kwenye changarawe, kupanda huchosha na kushuka huumiza. Sule Kangangi wa Kenya, nahodha wa timu ya Amani na mmoja wa waendesha baiskeli waliowafungulia njia Waafrika Mashariki kwenye mashindano ya changarawe ya dunia, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya Vermont Overland nchini Marekani. Alikuwa mweledi kuliko wewe na mimi. Kwa hiyo shuka ukiwa na akiba. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, maana tairi linalopinda na kufunga breki kwa pamoja kwenye kokoto halina cha kushika. Mikono iwe chini kwenye upinde wa usukani, vidole viwili kwenye kila breki, makalio nyuma kidogo, pedeli zikiwa sawasawa, macho mbali mbele na si kwenye jiwe unaloliogopa. Breki usizibane mfululizo: bana kwa nguvu, achia, bana tena, zipate kupoa. Juu ya kila mteremko mrefu simama, vaa koti kabla hujasikia baridi, kagua pedi. Na kumbuka barabara si yako: nyuma ya kona kuna mbuzi, kuna watoto wanaotoka shule, kuna mama mwenye mzigo wa kuni ambaye hawezi kukwepa.

Ukifika Mtae jioni yenye mawingu, usilaumu. Lala, amka mapema. Kukipambazuka kweupe unaweza kuiona nyika ya Mkomazi, milima ya Upare, na kwa bahati Kilimanjaro. Siku ya kurudi, kama miguu inataka, rudi kwa njia za Rangwi na ulale huko. Kama haitaki, rudi ulikopitia, na utashangaa jinsi barabara ileile inavyokuwa mpya ikitazamwa kwa upande wa pili, hasa ile miteremko uliyoifurahia wakati wa kuja.

Kutoka Lushoto hadi Mombo siku ya mwisho shuka asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Stendi ya Mombo mabasi ya Dar es Salaam husimama kwa dakika chache tu, kwa hiyo baiskeli iwe tayari: gurudumu la mbele limetolewa, limefungwa kwenye fremu kwa mpira, usukani umegeuzwa, pedeli zimefunguliwa, gia ya nyuma imezungushiwa fulana chafu. Elewana na kondakta bei ya baiskeli kabla haijaingia buti, si baada, na simamia mwenyewe inavyowekwa, upande wenye gia ukiwa juu. Gunia la viazi likija kuwekwa juu yake, sogeza gunia.